Jumanne Hatuna Maji

Sehemu ya kumi na nne

Alikunywa.

Wiki nzima mmenipigia simu hapa gazetini, mmeniandikia, na mmoja wenu alinivamia kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, wote mkiuliza jambo moja: meneja wa maji aliinywa ile glasi au hakuinywa? Basi jibu ndilo hilo. Alikunywa yote. Akaipindua glasi kuonyesha haina hata tone, akajifuta mdomo kwa kitambaa cheupe, akacheka.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kungojea zamu, nakupa habari kwa ufupi kisha tuende. Bi Chupa ndiye mpimaji wa maji wa mji huu mdogo. Jina alilipata kwa sababu hutembea na kikapu cha chupa za kupimia, ingawa wageni hudhani ni kwa sababu nyingine, na yeye hajachoka kuwakasirikia. Jumatatu alichota maji kwenye bomba la zahanati ya Mtaa wa Juu. Jumatano asubuhi, alipofungua kabati la joto la maabara, alikuta vijidudu vya kinyesi vimejaa tele.

Tangu hapo anataka sentensi moja tu itangazwe mjini: chemsheni maji.

Meneja hataki kuisikia. Kesho kutwa wanakuja wageni kuzindua bomba jipya, na bomba jipya msimamizi wake ni yeye. Ndiyo maana Ijumaa hii asubuhi alimfuata Bi Chupa maabara na karatasi iliyoandikwa "maji ya mji ni safi na salama", akamwambia atie saini. Bi Chupa akafungua bomba la sinki, akajaza glasi, akamsukumia. Kama ni salama, kunywa.

Sasa amekunywa.

"Nimekunywa mbele yako na mbele ya dereva wangu," meneja alisema. Dereva alikuwa amesimama mlangoni anachezea funguo za gari. "Sijafa. Haya, saini."

Bi Chupa aliitazama glasi tupu. Akalitazama lile bomba la sinki. Kisha akajipiga kofi la paji la uso mpaka dereva akashtuka.

Hasira hasara, wasomaji wangu. Mwanamke aliyesomea maji, aliyepima maji miaka tisa, alikuwa amepandwa na hasira akachota kwenye bomba lisilo na kosa lolote duniani! Maabara iko ndani ya ofisi ya maji, hatua hamsini kutoka kwenye tangi kuu. Maji ya pale hayajapita mtaani wala chini ya mtaro wa vyoo vya soko, mahali ambapo bomba jipya, lililoanza kupitisha maji hata kabla ya kuzinduliwa, lina maungio yanayovuja.

"Ulijua," Bi Chupa alisema. "Ulijua haya ni ya tangini ndiyo maana ukanywa kama harusini."

"Nilijua nina kiu."

"Basi twende zahanati. Saa nane mume wangu anafungulia Mtaa wa Juu. Ukanywe pale, glasi ya kwanza ikitoka."

"Mimi si ng'ombe wa kuzungushwa kwenye mabomba. Unasaini au husaini?"

"Hapa umeandika safi na salama. Safi ni la macho, salama ni la tumbo. Futa hilo la pili nitasaini la kwanza."

"Husaini."

"Sisaini katakata."

"Vua koti."

Akavua koti jeupe. Akaliweka juu ya meza, halijakunjwa. Meneja akanyoosha mkono, akapewa na funguo za maabara. Bi Chupa akakinyanyua kikapu chake. Alikuwa anatamani kumtupia.

"Umesimamishwa kazi," meneja alisema. "Na usidhani mji huu hauna mpimaji mwingine. Nina chupa kumi zilizochotwa Jumanne kwenye mabomba kumi ya mji. Nimezipeleka maabara ya mji wa jirani. Zote zimerudi safi kama mtoto aliyeogeshwa. Saa saba nawasomea wananchi ukumbini."

"Nani alichota? Mchotaji ni mimi."

Meneja akatabasamu. Tabasamu hilo, wasomaji, likumbukeni.

"Mfanyakazi mwaminifu," alisema.

* * *

Nyumbani kwa Bi Chupa, Mtaa wa Juu, ndoo zilikuwa zimeshapanga foleni.

Mama mkwe wake ndiye jemadari wa ndoo. Ndoo kumi na tatu, madumu saba, mabeseni mawili na birika moja lisilo na kifuniko, vyote mstari mmoja kutoka kwenye bomba la uani mpaka mlango wa jikoni, kila kimoja mahali pake. Ukihamisha dumu utasikia habari zako na za ukoo wenu.

"Mbona umerudi mapema?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwaga unga, mama."

Mama mkwe akageuka. "Kwa kosa gani?"

"Kwa haya maji."

"Maji!" Mama mkwe akaweka mikono kiunoni. "Nimekunywa maji ya bomba tangu bomba lilipokuja mji huu. Nimelea watoto sita kwa maji hayo. Wewe umekuja na chupa zako, unatuchemshia maji mpaka yanakosa ladha, na sasa umeyafanyia kazi yakakufukuza!"

"Mama, hapo zamani maji yalikuwa hayakatiki. Siku hizi ni mgao. Siku ambazo bomba halina maji linabaki tupu, na bomba tupu hunyonya. Pale chini ya mtaro wa vyoo vya soko limeachia. Siku nne bomba linanyonya uchafu, Ijumaa mnafunguliwa, maji ya kwanza yanausukuma wote mpaka kwenye ndoo hizi. Mpaka zahanati."

Mama mkwe alikuwa anafungua mdomo amjibu, lakini kwa neno zahanati mikono ikamtoka kiunoni.

Zahanati alikuwako binti yake, wifi ya Bi Chupa, uchungu ulimshika tangu alfajiri. Bi Chupa alimfungashia chupa mbili za maji ya kuchemsha. Mwanamke mwenye uchungu, kwenye joto lile, chupa mbili si kitu. Zikiisha angekunywa ya bomba kama wengine.

"Usinitishe," mama mkwe alisema mwishowe, kwa sauti ndogo isiyo yake. Akaenda kupanga dumu lililokuwa limepangwa tayari.

Spana akaingia.

Spana ndiye mume wa Bi Chupa. Kazi yake ni kufungua na kufunga maji ya mitaa: anatembea na lile pao refu la chuma lenye kichwa cha T, anashuka kwenye chemba, anazungusha koki, mtaa mmoja unapata na mwingine unakosa. Watu humsalimia kwa heshima kuliko daktari. Lakini nyumbani Spana ni mtu mpole, hapendi kelele, na mchana ule alikuwa mpole kupita kiasi.

"Nimesikia," alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Basi leo usifungue," Bi Chupa alisema. "Fungua kesho, watu wakishaambiwa wachemshe."

"Ratiba ni ratiba, mke wangu."

"Dada yako yuko zahanati!"

"Wewe umeshamwaga unga. Nikimwaga na mimi, tutakula ndoo?"

"Niangalie unaponijibu."

Hakumwangalia. Akachukua pao lake, akalitia begani, akatoka bila hata kugusa chakula. Miaka kumi na mmoja ya ndoa Bi Chupa hakuwahi kumwona mume wake akiacha chakula, na jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba.

"Mimi naenda ukumbini," alisema.

"Kutia aibu jina letu," mama mkwe alijibu. Akafunga kilemba, akavaa viatu vya kutokea. "Ngoja twende wote. Lazima awepo mtu wa kukushika."

* * *

Ukumbi wa mji, ulio hukohuko Mtaa wa Juu, ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa mji alikaa katikati ya meza, mbele yake kipaza sauti, kushoto kwake meneja na bahasha yake. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Spana ameliegemea pao lake. Dereva wa meneja hakuonekana.

Bi Chupa akanyoosha mkono kabla mtu hajasema neno.

"Huyo amesimamishwa kazi," meneja alimnong'oneza mwenyekiti, na kwa bahati mbaya yake kipaza sauti kilikuwa wazi, ukumbi mzima ukanong'onezwa.

"Sijaja kama mfanyakazi, nimekuja kama mtu mwenye tumbo!" Bi Chupa akasema.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Mama, subiri zamu. Bwana meneja, tusomee."

Meneja akafungua bahasha polepole, kama mtu anayefungua zawadi.

"Ndugu wananchi, kuna maneno yanazagaa. Dawa ya maneno ni vipimo. Hizi ni chupa kumi zilizochotwa Jumanne. Bomba la soko, Jumanne, saa tatu asubuhi: safi na salama."

Watu wa soko wakapiga makofi.

"Bomba la shule, Jumanne, saa tatu na nusu: safi na salama."

Makofi yakapungua kidogo. Mwalimu mmoja alimgeukia mwenzake.

"Bomba la zahanati ya Mtaa wa Juu, Jumanne, saa nne asubuhi: safi na salama."

Hapo hapakuwa na makofi. Bi Chupa alishaona. Alikuwa ameshainuka nusu, ulimi uko tayari, aliposhikwa bega na kukalishwa chini kwa nguvu. Aliyemkalisha alikuwa mama mkwe wake. Na mama mkwe ndiye aliyesimama.

"Samahani, bwana," alisema. "Masikio yangu ya zamani. Hilo la zahanati lisome tena."

"Zahanati ya Mtaa wa Juu, mama yangu. Jumanne, saa nne."

"Jumanne."

"Jumanne."

"Hii Jumanne iliyopita hii."

"Ndiyo, mama. Kaa sasa."

"Sikai. Jumanne hatuna maji."

Vichwa vikageukiana. Kisha kicheko kikaanzia madirishani kikaingia ndani.

"Mtaa wa Juu ni Jumatatu na Ijumaa," mama mkwe aliendelea, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Miaka sita sasa. Mimi Jumanne sifui, Jumanne sideki, Jumanne nikipata mgeni namwombea aondoke kabla hajaenda msalani. Bomba la zahanati Jumanne ukilifungua linakohoa upepo. Wewe ulichota nini, bwana meneja? Ulijaza upepo kwenye chupa?"

"Na shule ni Jumatano!" mwalimu akapaza sauti.

"Sokoni Jumanne ni kuanzia mchana, siyo saa tatu!" akasema mwingine.

"Kituo cha mabasi Alhamisi!"

"Kwetu Jumapili, tena usiku, na vyombo vyetu vinajaa nusu!"

Wasomaji wangu, kila mwanamke wa mji huu anaijua ratiba ya mgao kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wake. Mtu mmoja tu hakuijua. Nyumba ya meneja iko ukuta mmoja na tangi kuu. Kwake mgao ni habari inayowahusu watu wengine. Alipokaa kuandika lebo kumi, alitunga siku moja na saa zinazofuatana vizuri, akaona kazi imekamilika. Hakumwuliza mtu hata mmoja anayebeba ndoo.

Mama mkwe hakuwa amemaliza.

"Nikuulize, baba. Kwako Jumanne kuna maji?"

"Kwangu..." Meneja alilegeza tai. "Kwangu yapo siku zote."

Ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kalamu zikaruka, na hakuna aliyemsikia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwenye miguu ya bibi wa miaka sabini na mmoja.

"Na msije mkasema namtetea huyu mkwe wangu!" mama mkwe akapiga kelele juu ya kelele. "Ana maudhi yake, na maji yake ya kuchemsha hayana ladha! Mimi naitetea Jumanne yangu! Siku niliyokaa bila tone, mtu asiniandikie kuwa nilikuwa nayo!"

Bi Chupa alijikuta machozi yanamtoka na anacheka. Alimpenda yule bibi saa ile kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote upande wa ndoa.

Mwenyekiti alipata nafasi. "Bwana meneja. Nani alichota chupa hizi?"

Na hapo, mahali ambapo mtu mwingine angefyata mkia, meneja akalileta lile tabasamu.

"Saini ya mchotaji hii hapa chini," alisema, akainua karatasi. "Kama kuna udanganyifu, si wangu. Mwulizeni mume wa huyu mama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Vichwa vyote viligeuka nyuma kwa pamoja.

Spana alikuwa ameshika pao lake kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umempauka.

Bi Chupa alimkodolea mume wake macho. Yule aliyekula naye, aliyelala naye, aliyemsikia usiku wa Jumatano akilia kwa ajili ya vijidudu vile, ndiye mfanyakazi mwaminifu? Alitaka kumpiga, na alitaka asiwe yeye. Mama mkwe naye alikaa, pole pole, kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Ni kweli?" Bi Chupa aliuliza.

"Saini ni yangu."

"Kwa nini?"

"Aliniita Jumanne asubuhi. Akasema una maneno na kipimo cha Jumatatu hata kabla hakijatoka, na ukiendelea atakufukuza. Akasema nikimjazia chupa kumi safi, hutafukuzwa. Nikaona nakuokoa." Akaliegemea pao lake. "Karatasi niliyosaini ilikuwa tupu, na lebo hazikuwapo. Ningeziona lebo ningejua. Mimi ndiye ninayefunga Mtaa wa Juu Jumatatu jioni, ningeandikaje Jumanne?"

"Mengine tutaongea nyumbani," Bi Chupa alisema, na kila mwanaume mle ndani alimwonea Spana huruma. "Hapa sema kitu kimoja. Ulichota wapi?"

"Bomba la nje ya ofisi. Zote kumi. Sikuhamisha hata mguu."

Kisha Spana akafanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea. Akapita katikati ya watu na pao lake begani, watu wakiinama lisiwapige, akafika mezani, akaliangusha mbele ya mwenyekiti. Meza ililia.

"Leo sifungui," alisema. "Nipewe barua, nisipewe, sifungui. Maji ya saa nane ndiyo mabaya kuliko yote, mke wangu amenieleza nikajifanya sisikii. Anayetaka kunywesha mji kinyesi, ashuke mwenyewe kwenye chemba."

Wanawake walipiga vigelegele. Mtu alimkumbatia Spana kwa nyuma akamnyanyua. Na mimi mwandishi wenu, nikiwa mtu wa kupenda mambo yaishe vizuri, ningeweka nukta hapa niende zangu.

Lakini meneja alikuwa anaangalia saa yake.

"Saa nane kasorobo," alisema, ametulia kabisa. "Asubuhi mama huyu aliniambia nani anafungua na saa ngapi. Ofisi ina pao jingine la akiba, ndugu zangu. Na dereva wangu ana mikono."

Nje ya ukumbi, kwenye bomba la uani, kitu kikakohoa.

Kikakohoa tena. Kikapiga chafya. Kisha ukasikika mlio ambao siku nyingine mtaa mzima huushangilia: maji yanapiga kwenye zege.

"Funga!" Bi Chupa alimwambia mume wake. "Kimbia ukafunge!"

"Yakishatoka yametoka. Hata nikifunga sasa, yaliyomo bombani yanashuka mpaka yaishe. Zahanati ndiyo ya kwanza kwenye mstari."

Bi Chupa akakirukia kipaza sauti. Alipokishika kilikuwa kimekufa. Meneja alikuwa amesimama kando ya ukuta na waya mkononi.

"Tuunde kamati," mwenyekiti alisema kwa haraka. "Kamati ya watu watano, ichunguze..."

"Kamati itakunywa?" Bi Chupa akamkata. Akapanda juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya makaratasi ya meneja, safi na salama zote kumi chini ya nyayo zake, akavuta pumzi. "Chemsheni maji! Mnanisikia? Msinywe ya bomba! Yachemke mpaka yatokote, ndiyo mnywe! Ya kupikia, ya kupigia mswaki, yote ya kuchemsha! Mwambieni kila mtu!"

"Shuka mezani, nitaita polisi!" meneja alifoka.

"Waite! Na wao waambie wachemshe!"

Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alikuwa amerudiwa na sauti yake yote.

"Waya wameukata," aliwaambia wanawake. "Sisi tuna waya? Kila mtu mtaa wake! Wa shule, pita kwa fundi viatu. Wa soko, zungukeni nyuma. Mlango kwa mlango, msiruke nyumba hata ya mtu mliyegombana naye. Chemsheni!"

"Chemsheni!" Wakamwagika nje kama maharagwe gunia likipasuka. Mji ukaanza kupiga kelele upande huu, upande ule, neno hilo moja.

Mama mkwe akamshika Bi Chupa mkono alipokuwa anashuka mezani. "Mkwe. Mimi magoti yangu hayakimbii. Wewe kimbia. Mwanangu yuko kule."

Akakimbia. Hakuangalia nyuma, lakini alisikia viatu vizito vya kazi vinamfuata, akajua ni vya nani.

* * *

Lango la zahanati lilikuwa limefungwa. Mlinzi alitoa uso kwenye kidirisha.

"Fungua! Maji yana ugonjwa, waambie wasinywe!"

"Wewe ndiye Bi Chupa?"

"Ndiye mimi, fungua!"

Mlinzi akafunua karatasi yenye muhuri. "Nimeletewa asubuhi hii. Umesimamishwa kazi, usiingie hapa wala shuleni kutisha watu. Jina lako halijaandikwa, imeandikwa 'mama wa chupa', lakini kikapu nakijua."

"Basi niingie mimi," Spana alisema, anahema.

"Wodi ya wazazi mwanaume haingii."

"Nenda wewe, basi! Nenda ukawaambie!"

"Nikiondoka langoni mnaingia. Mimi si mjinga." Kidirisha kikafungwa, komeo likalia.

Wakazunguka ukuta mbio mpaka nyuma ya wodi. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko Spana kwa mkono mzima. Juu yake lilionekana paa la wodi na sehemu ya dirisha lililo wazi, na kwenye dirisha hilo zilitoka sauti mbili, karibu kabisa, kama mko chumba kimoja.

"Nesi, nimekauka," ilisema ya kwanza. Bi Chupa aliijua. Ilikuwa ya wifi yake. "Zile chupa za wifi ziliisha hata kabla mtoto hajatoka. Nipe maji."

"Bahati yako, mama," nesi alijibu. "Yametoka sasa hivi. Tena ya baridi. Ngoja nikujazie jagi."

"Usinywe!" Bi Chupa akapiga ukelele. "Wifi, usinywe!"

Na sekunde ile ile, ndani ya wodi, mtoto akalia.

Mtoto mchanga kabisa, mpya, mwenye hasira na dunia. Alilia kwa mapafu yote aliyopewa, bila kupumzika, na kilio hicho kilimeza sauti ya Bi Chupa nzima nzima. Spana alitoa machozi palepale. Alikuwa amekuwa mjomba, na mjomba huyo ndiye aliyejaza chupa kumi.

"Usinywe!" Bi Chupa akarudia. Ndani maji yalisikika yakimiminwa.

Spana akapiga goti la kwanza, akapiga la pili. Akaweka viganja ukutani, akainamisha kichwa.

"Panda," alisema.

Bi Chupa aliutazama mgongo ule. Ulikuwa mgongo uliobeba kreti la zile chupa za uongo Jumanne, na bado ulikuwa mgongo wa mume wake. Mambo yao yangesubiri.

Akavua viatu. Akamkanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mguu wa kwanza, wa pili, akamsikia akiguna wala hakumwomba radhi. Akashika ukingo wa ukuta, vigae vya chupa vilivyopandwa juu vikamkata kiganja, akajivuta hivyohivyo.

Akaona ndani. Nesi amesimama kando ya kitanda, jagi limeinama. Mkono wa wifi yake umeshakipokea kikombe, unakipeleka mdomoni. Na langoni yule mlinzi amemwona, anakuja mbio na rungu.

"Shuka!" mlinzi alipiga kelele. "Shuka ulikotoka!"

Bi Chupa akaupitisha mguu wa pili juu ya ukuta.

"Nashuka," alisema, akarukia ndani.